Kiti cha Nyuma cha Kiberenge

Baba,

Shikamoo. Nisipoanza na hiyo utasema shule ya misheni imeniharibu. Ni mimi, Kabula, mwanao. Leo ni Jumapili, kiberenge kimelala bandani na kambi ya reli imetulia. Wengine wamekwenda Shinyanga mjini kusali, wengine wamekwenda kwenye pombe, na Luhende mume wangu amekwenda na hao wa pili ingawa aliondoka na kitabu cha nyimbo mkononi. Nimepata nafasi ya kukaa mlangoni pa jiko na karatasi yangu. Barua za genge zima huziandika mimi: za kuomba mahari, za kusingizia ugonjwa, za kuwadanganya wake waliobaki vijijini. Wewe sijawahi kukuandikia hata moja, maana hukuwahi kwenda mbali nami.

Nina hasira, Baba. Nakuambia mapema kabla machozi hayajaniharibia wino.

Mama hajambo. Matanga yalipoisha ndugu zake walikuja kumchukua, sasa yuko Kagongwa kwa kaka yake, analima karanga na kugombana na wifi yake kila siku, kwa hiyo ujue afya anayo. Kaburi lako pale Ibadakuli nimelizungushia miiba, ng'ombe wa watu wasipite juu yako. Paa la nyumba yako bado linavuja pale pale ulipokuwa ukisema utaliziba kesho. Ningependa barua iishie hapo, kwenye habari za paa.

Lakini kiberenge kimerudi.

Ndiyo, kile kile. Siku ile treni ilipokukuta, ilikigonga kona ya nyuma, nasi tukadhani tumeachana nacho. Kumbe kilipelekwa karakana Tabora, wakanyoosha vyuma, wakafunga injini nyingine, wakakipaka rangi ya majivu. Kigari hicho cha genge kilirudi kikitembea chenyewe juu ya reli mpaka hapa kambini, kinanguruma kwa sauti nene kuliko ile ya zamani, na sisi wanawake tuliokuwa kisimani tuliacha ndoo zetu tukasimama. Hakuna aliyepiga kigelegele. Rangi haikuficha kitu, maana ile kona ya nyuma ina bonde ambalo kiganja changu kinaingia. Nilijaribu.

Na kiti chako kipo. Ubao wako wa nyuma, ule anaoukalia mtu akiwa ameipa mgongo safari, akitazama reli inayoachwa. Ajabu ni kwamba ubao haukuvunjika. Waliufunga tena mahali pake, na siku hiyo hiyo Mzee Ramadhani, nyapara wenu, akauvulia kofia. Tangu hapo hajakaa mtu.

Unakumbuka nilivyokuuliza, nikiwa mdogo, kwa nini wenzako wote wanatazama mbele na wewe peke yako unatazama nyuma kama mtu aliyenuniwa? Ulicheka mpaka michembe ya viazi ikakutoka mdomoni. Ukasema, "Ng'wanawane, mwanangu, mbele wako saba wa kuangalia. Nyuma niko mimi." Ukanieleza kwamba injini inaziba masikio, kwamba treni ikija nyuma yenu hamuisikii hadi iko mgongoni, kwamba mtu wa nyuma akisinzia genge zima limekufa. Ukanipeleka ukingoni mwa mbuga ukanifundisha kuiona treni kabla ya moshi. Usitazame moshi, ukasema, maana kiangazi kila kisulisuli cha vumbi kinafanana na moshi. Tazama yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe. Wakiruka wote pamoja upande wa reli, shuka. Nilikuwa nakuonea fahari, wewe na macho yako, ingawa nyumbani ulikuwa hukioni kibuyu kilicho mbele ya pua yako.

Siku yako ya mwisho sikuiona. Luhende amenisimulia mara nyingi, na kila mara anakwamia kwenye neno lile lile, "mguu". Kwamba wewe ndiye uliyeiona treni kwenye kona ya migunga. Kwamba ulipiga kelele, ukaruka wa kwanza kushika mpini wa nyuma, kama ilivyo kazi ya mtu wa nyuma, mkakiinua wote nane kukitoa njiani. Wenzako wote walitoka. Halafu mguu wako. Basi, anaishia hapo, anainuka kwenda kutazama kuku ambao hawana shida yoyote.

Kwa hiyo wana deni la uhai kwako, na mimi sikatai. Lakini sikiliza wanavyokuheshimu.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini wanajipanga nyuma ya kiberenge na kukuamkia. Wasukuma wanasema, "Mwangaluka, Mzee Maganga." Wengine wanasema shikamoo. Mmoja anaweka tumbaku kidogo juu ya ubao. Mzee Ramadhani, ambaye ndiye aliyetakiwa kuwakemea, anasimama pembeni na kukusomea fatiha wakati wewe hata msikiti hukuujua mlango wake. Bendera yako nyekundu wameiviringisha na kuifunga kwa waya kwenye mguu wa kiti, haifunguliwi. Kisha wanapanda wote mbele, saba, wanakazana bega kwa bega kama kuni, na nyuma hakuna mtu.

Mwanzoni niliona vizuri. Nilisimama na ndoo yangu kichwani nikalia kwa furaha, nikasema baba yangu hajasahauliwa. Mama Zuhura, mke wa Mzee Ramadhani, alilia pamoja nami. Tulikuwa wajinga wawili.

Kisha msimu wa pamba ukaanza. Unaijua pamba ya huku, mwaka huu imejaa hadi kwenye veranda za magulio, na treni za kuibeba zinaongezwa wakati wowote, hazifuati saa za ukutani pale stesheni. Siku moja Luhende alirudi na ngozi ya kiganja imetoka. Nilipomkazania akaniambia kwamba treni ya pamba iliwatokea nyuma bila wao kujua, kwamba walisikia honi ikiwa karibu mno, wakakitupa kiberenge kwenye miiba na sanduku la spana likasagwa. Nikashika kichwa. Yeye akatabasamu. Akasema, "Usiogope, Kabula. Mzee alikuwepo. Bila yeye tungekwisha."

Baba, pale ndipo nilipoelewa. Hawajakiacha kiti wazi. Wamekupa wewe kazi. Wanadhani uko pale umekaa na mikono magotini, unatazama reli, na ikija treni utawashtua. Walionusurika kwa honi ya dereva wanasema wamenusurika kwa macho yako. Na macho yako niliyafumba mimi kwa vidole vyangu hivi.

Tangu siku hiyo wanakwenda mbio zaidi. Zamani mlikuwa mkifika kona ya migunga mnasimama, mnazima injini, mnasikiliza, ndipo mnaendelea. Sasa hawasimami. Nimeuliza kwa nini, wakanitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanakula. Mzee yupo, wanasema. Jioni nikisikia injini inarudi nahesabu vichwa kwa mbali kabla sijapumua, na nikimwona Luhende kwenye mpini wa breki namchukia kwa dakika nzima kwa kunitia hofu hiyo, kisha nampelekea maji ya kunawa.

Usidhani nilikaa kimya. Nilianza naye. Nikamwambia wewe unaendesha, mpe mtu mwingine breki, ukae nyuma mwenyewe uwaangalie wenzako. Alishtuka kana kwamba nimemvua nguo mbele ya watu. "Mimi nikalie kiti cha mkwe wangu? Unanitafutia laana?" Na kwa kweli mila ya kumkwepa mkwe anaishika, maana hata ulipokuwa hai, nje ya kazi, alikuwa akikuona njiani anapita porini.

Msimamizi wa njia akamleta mtu wa Dodoma, mpole, hajui habari za watu, akakaa pale siku moja. Jioni homa ikamshika akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Homa gani isiyoshika watu huku, na mbu hawa? Lakini genge likasema Maganga amemkataa. Yule maskini akapanda treni iliyofuata, hata sufuria yake ameiacha.

Ndipo Mzee Ramadhani akasema kiti cha marehemu hakikaliwi mpaka damu yake ikikalie kwanza, kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwa Wasukuma na yeye hawezi kuivunja mila ya watu. Tukamwita Baba mdogo Shija kutoka machimbo ya Geita. Alikuja, Baba. Alikuja na kofia mpya na jino la dhahabu ambalo naapa si dhahabu. Akachukua mbuzi wako, akachukua baiskeli, akachukua hata ule upinde ambao hukuwahi kuutumia. Tulipompeleka bandani akakitazama kiti, akarudi nyuma hatua. "Mimi mtu wa shimo," akasema. "Kifo cha chini nakijua sura. Hiki cha juu ya reli, niacheni." Kesho yake alikuwa njiani kurudi, baiskeli yako ikilia mnyororo kwa kukosa mafuta.

Hukupata mtoto wa kiume. Hilo ulikuwa ukilisema kwa mzaha tu, lakini nililisikia kila mara.

Jumatano iliyopita nilivaa koti lako la kaki juu ya kanga yangu, nikaenda bandani kabla hawajamaliza kukuamkia, nikapanda, nikakaa. Tumbaku iliyokuwa imewekwa juu ya ubao niliikalia. Ungeona nyuso zao. Mzee Ramadhani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, shuka. Hapa si mahali pa mwanamke." Nikamwambia, "Mlisema damu yake. Mnaiona damu nyingine hapa?" Wakatazamana. Luhende alikuwa ameinamia injini kana kwamba ina neno la kumnong'oneza. Mwisho Mzee Ramadhani akapanda, na wengine wakamfuata.

Sasa najua ulichokuwa ukikiona. Mtu anayekaa pale hapokei kitu chochote, kila kitu anakiaga. Mataruma yanatoka chini ya miguu yako na kukimbia, nyumba zinakwenda, mtoto anayepunga mkono anapungua mpaka anaisha, na reli mbili zinakutana kule mbali mahali ambapo lolote linaweza kutokea. Nilielewa kwa nini ulikuwa ukirudi nyumbani huna maneno. Nami nilikuwa nikikununia.

Tulipita pale pako, treni ilipokukuta. Walibadilisha mataruma matatu, mapya, meusi kwa lami. Sikutaka kutazama lakini mtu wa nyuma hana pa kugeukia.

Upepo ulikuwa mkali, visulisuli vinacheza kila upande wa mbuga, na kila kimoja nilikiogopa. Shingo ikaniuma. Nikafungua ule waya wa bendera kwa meno. Kisha nikaona ng'ombe wameinua vichwa, na yangeyange wakaruka wote pamoja kama shuka iliyokung'utwa. Nikapiga kelele, "Treni! Treni!" Baba, hawakusimama mara moja. Luhende aligeuka, na hakutazama reli, alinitazama mimi usoni, kwa woga ambao sikuuelewa. Nikakung'uta bendera nikapiga kelele tena hadi koo likachanika, ndipo breki ikashikwa.

Niliruka nikashika mpini wa nyuma. Kizito, Baba! Kila mtu anasema kiberenge ni chepesi, wanaosema hivyo hawajakishika. Nilikuwa nikitazama miguu yangu tu, huu, na huu, huu, na huu, hadi nikasikia miiba ikiingia mgongoni nikajua tumetoka. Treni ikapita. Dereva wake alikuwa na kitambaa shingoni, hakututazama hata kidogo. Mabehewa ya pamba yalipita na kupita, na nyuzi nyeupe zikabaki zimenasa kwenye miiba ya migunga.

Nilikaa chini. Nilidhani imekwisha. Nilidhani sasa wameona kwa macho yao kwamba pale panatakiwa mtu, mtu wa nyama, mwenye koo. Mzee Ramadhani akainua mikono, "Alhamdulillahi. Maganga ametuita." Mwingine akadakia, "Ile sauti! Mmeisikia? Ilikuwa ya Mzee kabisa." Wote wakaitikia. Wakakigeukia kile kiti, mimi niko chini nimechubuka viganja, wakaushukuru ubao, "Wabeja, Mzee Maganga. Wabeja sana." Na Luhende alikuwa miongoni mwao, machozi yanamtoka. Nilijaribu kusema ni mimi, koo halikutoa kitu.

Alhamisi waliondoka bila mimi. Walisema kazi yangu imekwisha, damu imekwisha kukaa, na mzee ameonyesha kwamba yupo. Lakini unadhani kuna aliyekaa? Wakafunga bendera tena mahali pake. Walikuwa na furaha, Baba, walikuwa wakiimba. Luhende alirudi akanieleza kwa fahari jinsi walivyopita kona ya migunga bila hata kupunguza mwendo. Ijumaa hivyo hivyo. Jana hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyewapa ushahidi waliokuwa wakiutafuta. Kila siku wanakwenda mbio kuliko jana, na nyuma yao hakuna mtu, na pamba bado imejaa kwenye magulio.

Kwa hiyo leo asubuhi, kambi ilipokuwa tupu, nilichukua spana ya Luhende nikaenda bandani. Nati zilikuwa zimekazwa na mtu mwenye chuki. Nilizifungua. Kuukalia ubao wa marehemu hawawezi, sawa, sitawalazimisha. Basi usiwepo. Mahali pake nimefunga ubao wa sanduku la sabuni niliopewa dukani, hauna rangi, hauna historia, hajauketia mtu yeyote aliyekufa. Bendera nimeifua, iko juani inakauka.

Nilirudi na ubao wako chini ya kanga, na nani ananingoja njiani kama si Mama Zuhura. Akauliza, "Kabula, umebeba nini?" Nikasema kuni. Aliitazama ile rangi ya majivu iliyochungulia kwenye kanga. Nikajua amejua, na kwamba jioni mume wake atajua. Akasema, "Zuhura bado mdogo. Bado anamhitaji baba yake." Akanifuata hadi jikoni kwangu, akachukua shoka, akaupasua ubao yeye mwenyewe.

Unaungua sasa ninavyoandika. Rangi inatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya, macho yananiwasha, na sufuria ya maji ya ugali iko juu yake. Wakirudi watakula. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nilikuwa nachagua kati ya kitu chako na watu wako.

Sijui kesho itakuwaje. Ile ni mali ya reli, Mzee Ramadhani anaweza kutufukuza kambini. Genge linaweza kusema nimekutukana, kwamba sasa hakuna anayewalinda, wakakataa kazi. Wanaweza hata kuuamkia ubao wa sabuni. Luhende hajawahi kuniinulia mkono tangu anioe, na leo namwogopa. Nimesikia honi kwa mbali upande wa Tabora, hata Jumapili zinapita.

Nakuahidi hivi. Kesho alfajiri nitakuwa bandani na bendera mkononi, na nitampa mtu aliye hai, yeyote atakayeipokea. Akikosekana nitapanda mwenyewe, kesho na keshokutwa na siku zote za pamba. Sitavaa koti lako. Nikiona treni nitapiga kelele kwa sauti yangu, na nikimaliza nitataja jina langu hadi walijue.

Na wewe nimekuachisha kazi, Baba. Umeifanya vizuri na imekwisha. Wakija kukuamkia kesho asubuhi, nakuomba, usiwaitikie.

Mwanao,
Kabula